Udongo wa Machimbo: Unajiponya Wenyewe?

Huku kwetu Kivu ya Kaskazini, katika milima ya Masisi na Walikale, watu wanachimba koltani na kasiteriti. Shimo likiisha, wanaliacha. Ndipo watu wanauliza: Je, udongo ule utajisafisha wenyewe? Tutazame mfano wa Lubumbashi.

Kule kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911. Kwa miaka mingi upepo ulichukua moshi wake. Salfa iliua miti. Vumbi la shaba, zinki, risasi na kadimi lilianguka chini. Mahali panapoitwa Penga Penga udongo ulibaki uchi, na mvua ikauchimba.

Tufahamu neno moja kwanza. Jani huoza, mzoga huoza, lakini shaba haiozi. Mvua inaweza kuishusha mtoni, na upepo kuipeleka kwa jirani. Lakini huko si kusafishwa, ni kuhama tu.

Hata hivyo, kuna mimea iliyozoea udongo wa namna hii. Katika Katanga huota Haumaniastrum katangense, ua la shaba; wachunguzi wa mambo ya kale walilifuata wakagundua matanuri ya wafua shaba wa zamani. Nayo Microchloa altera ni nyasi ndogo tu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Gembloux, Ubelgiji, waliipanda Penga Penga, baada ya kutia chokaa na mboji. Chokaa hupunguza uchachu wa udongo, mboji huishika shaba, mizizi hufunga udongo, na vumbi haliruki tena kuingia nyumbani. Basi shaba imefungwa, haikuondoka.

Madini ya kwetu si yale yale, lakini sheria ni moja: ubichi wa majani si alama ya usafi. Enyi mapadri na wakatekista, wafundisheni watu wasing'oe nyasi zinazofunika machimbo ya zamani, wala wasilime lengalenga humo. Kuosha mboga huondoa vumbi la juu. Madini yaliyoingia ndani ya jani hayatoki kwa maji. Na kabla ya kufungua shamba la shule au la misioni karibu na machimbo, tumwombe mtaalamu wa kilimo apime udongo. Kazi hiyo ni ndogo kuliko kuuguza watoto.