Oksijeni na Donda Lisilofunga

Mkulima wa Tumati, katika nyanda za juu za Mbulu, ambaye kisukari kimekwisha kuziua hisia za nyayo zake, aweza kuchomwa na mwiba akaendelea kupalilia mahindi na kuchunga ng'ombe pasipo kujua kwamba amejeruhiwa, hata nyama ianzapo kuoza ndipo watu wa nyumbani waisikiapo harufu. Jeraha hilo, likipitisha miezi mitatu bila ya kufunga, huitwa donda ndugu, na mara nyingi sababu mojawapo ni damu kutofika mguuni vya kutosha.

Kwani nyama mpya haijengeki pasipo oksijeni: chembe nyeupe za damu huitumia kuua vijidudu, na zile zinazosuka nyuzi za ngozi haziwezi kazi bila yake. Mishipa ikiziba, marhamu yoyote ile hulala juu ya kidonda bure.

Matabibu wa ng'ambo wakabuni chumba cha chuma kifungwacho barabara, ambamo mgonjwa huvuta oksijeni tupu (ilhali hewa yetu ya kawaida ina sehemu 21 tu katika 100) kwa kanieneo ya mara mbili hadi mbili na nusu ya ile ya usawa wa bahari, kwa saa moja na nusu au zaidi, siku baada ya siku, hata akatimiza vipindi 30 au 40. Oksijeni hiyo huyeyuka katika majimaji ya damu yenyewe, ghairi ya ile ichukuliwayo na chembe nyekundu. Naye Ite Boerema wa Amsterdam alilidhihirisha jambo hili mwaka 1960, kwa nguruwe walioondolewa takriban chembe nyekundu zote wakaishi humo chumbani.

Huku kwetu chumba cha namna hiyo kiliwekwa Matemwe, Unguja, kwa ajili ya wapiga mbizi. Tiba yenyewe ina hadhari zake: masikio huweza kuumia, cheche moja huwasha moto mkubwa, na mwenye pafu lililotoboka haruhusiwi kuingia kabla ya kutibiwa. Tena utafiti wa Uholanzi uitwao DAMOCLES, uliotangazwa mwaka 2018, haukuthibitisha kwa yakini kwamba wenye kisukari na mishipa iliyoziba huokolewa miguu zaidi kwa chumba hicho.

Kwa hiyo sioni haki mtu wa Tumati auze ng'ombe wake kukifuata chumba hicho, hali hajapimwa sukari wala mishipa. Elimu aliyoieneza Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam kwa mradi wa Hatua kwa Hatua, ya kuwafunza matabibu na wauguzi kuikagua miguu, kuisafisha na kuiepusha na kukatwa, haihitaji chumba cha chuma, na ndiyo istahiliyo kufika katika kila zahanati. Na donda likizidi nguvu, ipo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyomo wilayani Mbulu tangu 1955.

Nawasihi basi wenye kisukari: vueni katambuga kila jioni, mtazame nyayo na baina ya vidole, na mkiona kidonda, japo kidogo na kisichouma, nendeni zahanati bila ya kungoja mavuno yaishe.