Sumu ya nyoka na kansere: tusidanganyike

Wanamemba wa koperative, sumu ya nyoka inaua, lakini inafundisha pia watu wa labo kutengeneza dawa. Kaptoprili, dawa ya tansio, ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili. Marekani iliiruhusu mwaka 1981.

Kwa kansere, bado tuko njiani. Huko California, wataalamu walitoa kitu kimoja katika sumu ya nyoka wa Marekani. Kwenye panya wa labo, kilipunguza kukua na kusambaa kwa kansere ya ziwa. Lakini panya si mtu, na dawa hiyo haijafika hospitalini.

Basi, mtu akiwaletea sumu ya nyoka sokoni, musinunue. Mama anayesikia uvimbe kwenye ziwa, aende hospitali mapema, angali na nguvu.