JE, WAJUA? Linalokatwa ni tumbo, linalopona ni ini

Madaktari wa Lille, Ufaransa, waliwafuatilia watu wenye unene uliokithiri na ini lililojaa mafuta hadi likavimba. Walifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Miaka 5 baadaye, vipande vidogo vya ini vilipochunguzwa, ugonjwa ulikuwa umetoweka kwa wagonjwa 84 katika kila 100. Zaidi ya nusu hawakuwa tena na kovu lolote. Na kovu la ini ndilo lililodhaniwa kwa muda mrefu kwamba halifutiki!

Upasuaji wa aina hii unaofanywa zaidi huondoa takriban robo tatu ya tumbo. Kinachobaki ni mrija mwembamba kama ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa. Basi si nafasi ya chakula tu inayopungua. Njaa yenyewe hupoa.

Ini huanza kusinyaa hata kabla ya kisu. Wagonjwa wengi hupewa mlo mdogo sana kwa wiki 2 hivi, kwani upande wa kushoto wa ini hulifunika tumbo na daktari lazima auinue.

Ila kuchelewa ni hatari. Sirosisi, yaani ini kujaa makovu, ikishaleta maji tumboni na manjano machoni, upasuaji huu unaweza kuua, na tumaini hubaki kwenye kupandikizwa ini. Katika Mayo Clinic, Marekani, wapo waliopewa ini jipya na kupunguzwa tumbo kwa upasuaji mmoja.