Cheka, Kisha Hesabu

Tuseme mashua tano zimerejea alfajiri katika ufuo wa Mbita, Kaunti ya Homa Bay. Ya kwanza ina kilo 10 za mbuta, ya pili 12, ya tatu 12, ya nne 14, na ya tano, iliyojaliwa usiku huo, ina kilo 102. Jumla ni kilo 150. Gawanya kwa tano, upate wastani wa kilo 30. Sasa mtafute mvuvi aliyevua kilo 30. Hayupo. Mchoraji wa katuni akipewa tarakimu hizi hana haja ya fomula: atamchora afisa mwenye daftari akizunguka ufuoni na kipaza sauti akimwita "Bwana Wastani", huku wavuvi wanne wakichungulia ndoo zao na yule wa tano akiwakwepa wadai wake nyuma ya nyavu.

Huo ndio ufundi wa vitabu vya takwimu vyenye vichekesho. Kinachojulikana zaidi, How to Lie with Statistics, kilitoka Marekani mwaka 1954. Mwandishi wake, Darrell Huff, alikuwa mwanahabari wa majarida wala hakuwa mtakwimu, na michoro ilikuwa ya Irving Geis. Mwaka 1993 mchoraji Larry Gonick akashirikiana na mtakwimu Woollcott Smith kutoa The Cartoon Guide to Statistics. Japani nako, mwaka 2004, Shin Takahashi alitoa kitabu cha takwimu kwa mtindo wa manga, ambamo msichana wa shule anajitosa kwenye somo hilo kwa sababu za moyo kuliko za hesabu. Msomaji wa Kenya hawezi kuuona mtindo huu kuwa mgeni. Wasomaji wa gazeti la Taifa Leo wamekua na katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau, na jarida la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010, lilitumia katuni na Sheng kuwafikishia vijana mambo ya kilimo na biashara ndogo.

Nguvu ya mchoro ni kwamba unakuonyesha tarakimu zote kwa pamoja kabla hazijafinywa kuwa moja. Zipange mashua zetu kutoka ndogo hadi kubwa. Ile ya katikati ina kilo 12. Hiyo ndiyo mediani. Kiasi kilichojirudia zaidi ni 12 pia. Hiyo ndiyo modi. Anayetaka kumshawishi mwekezaji kwamba ziwa linalipa atataja 30. Anayewaombea wavuvi msaada atataja 12. Wote wawili wamesema kweli, na ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mtu akitaja "wastani" ni: wa aina gani?

Michoro yenyewe pia hudanganya, na hapo vitabu hivi huwa na manufaa makubwa zaidi. Kwa mfano, utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2018, KENPHIA, ulikadiria kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wakiishi na virusi hivyo. Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6, na Migori 13.0. Kiwango cha Homa Bay kilikuwa mara nne kamili ya kile cha taifa. Mchoraji wa bango akiamua kuchora utepe mwekundu wa Homa Bay wenye urefu mara nne ya ule wa taifa, ataupanua pia mara nne ili usionekane kama kamba. Eneo lake sasa ni mara kumi na sita, na jicho la mpita njia hupima eneo. Kaunti yenye mzigo mara nne imebebeshwa mara kumi na sita bila tarakimu hata moja kubadilishwa. Mchoro wa haki ni rahisi: chora watu wazima mia moja, kisha wapake rangi ishirini kati yao. Uzito wa tatizo utaonekana, na wale themanini wasio na virusi wataonekana pia, jambo ambalo utepe ule uliuficha kabisa.

Mtego mwingine ni wa mambo mawili yanayotembea pamoja. Ndani ya Migori pekee, Wakuria hutahiri wavulana kimila, ilhali mila ya Wajaluo haikuwa na tohara. Watafiti waliona zamani kwamba sehemu nyingi za Afrika zisizo na tohara zilikuwa na VVU zaidi. Mbishi mcheshi angeweza kujibu kwamba sehemu hizo huenda zina pia biashara ya samaki, barabara kuu na vijana wanaohamahama kutafuta kazi, kwa hiyo tohara inasingiziwa tu. Ubishi huo ni wa maana, lakini haujibu kitu. Jibu lilipatikana Kisumu, ambako wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24 waligawanywa kwa kura: kundi moja litahiriwe mara moja, jingine lisubiri. Kura haijui nani ni mvuvi na nani ni dereva wa lori. Huwasambaza wote sawasawa katika makundi mawili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba tohara ilipunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa takriban nusu, na mwaka uliofuata Kenya ikaanza mpango wa tohara ya hiari uliojikita zaidi Nyanza.

Si kila swali linaweza kujibiwa kwa kura ya aina hiyo. Hakuna anayeweza kuamuru nusu ya kijiji kivute sigara kwa miaka thelathini ili tuone watakaokufa. Ndiyo maana, kuanzia mwaka 1951, Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwafuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000 wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta, wakiandika nani anakufa na kwa ugonjwa gani. Ripoti yao ya kwanza, iliyoonyesha kwamba wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu, ilitoka mwaka 1954, mwaka ule ule wa kitabu cha Huff.

Huff alifanya nini na ushahidi wa aina hiyo? Mwaka 1965 alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akaufanyia mzaha, akiulinganisha na ule uvumi wa Ulaya kwamba korongo ndio huleta watoto wachanga kwa kuwa korongo na watoto huongezeka pamoja. Baadaye viwanda vya tumbaku vilimlipa aandike kitabu cha pili, How to Lie with Smoking Statistics, ambacho hakikuchapishwa. Mtu aliyewafundisha wengi kunusa udanganyifu wa tarakimu aliutumia ujuzi huo huo kutilia shaka tarakimu za kweli.

Kisa hicho kina uzito wake Migori, ambako Kuria na Uriri zimelima tumbaku kwa miaka mingi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo na Mpango wa Chakula Duniani, pamoja na serikali ya Kenya, walianzisha huko mradi wa kuwasaidia wakulima waiache tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Mkulima anayepima kama ahame atatajiwa tarakimu na pande zote mbili, na kudhihaki upande mmoja hakutamlisha. Anahitaji kuuliza: hayo mapato ni wastani au mediani? Ni ya misimu mingapi? Yamehesabiwa kabla au baada ya kutoa gharama ya mbolea, dawa na kuni za kukaushia majani?

Kwa hiyo mwalimu wa Awendo au Ndhiwa atakayeleta katuni darasani afuatishe kila kicheko na kipimo. Baada ya kumcheka Bwana Wastani, wanafunzi waende sokoni, wapime kwa mizani gorogoro kumi za omena kutoka kwa wauzaji tofauti, wachore nukta kumi kwenye mstari, na watafute wastani, mediani, na tofauti kati ya gorogoro nzito na nyepesi. Kisha waandike mapema, kabla ya kupima tena wiki inayofuata, ni matokeo gani yangewalazimisha kukiri kwamba dhana yao ya kwanza haikuwa sahihi.

Zoezi hilo la mwisho ndilo ambalo kichekesho hakiwezi kulifanya peke yake. Anayeweza kuichambua kila tarakimu lakini hawezi kutaja hata moja ambayo ingembadilisha mawazo hajajifunza takwimu bado, amejifunza kubisha.