Kilimo Hai: Nia na Hati (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyotangulia ilieleza kanuni nne za kilimo hai zilizopitishwa na shirikisho la kimataifa la IFOAM mwaka 2005, yaani afya, ikolojia, haki na uangalizi. Sehemu hii inahusu ithibati, yaani utaratibu ambao chombo kisichokuwa mkulima wala mnunuzi hukagua shamba na kutoa cheti kwamba viwango vimefuatwa.

Ithibati haipimi nia, bali hupima kinachoonekana na kuandikwa. Mkulima wa kahawa wa Kagera ambaye hata babu yake hakuwahi kununua kiuatilifu hawezi, kwa sababu hiyo pekee, kuuza buni yake Ulaya kwa jina la kilimo hai. Mimea ya kudumu huwekewa kipindi cha mpito cha miaka 3, nacho hakifupishwi bila ushahidi unaokubalika kuhusu historia ya shamba. Wakati huohuo sheria ya Ulaya inaruhusu mrututu, ile chumvi ya shaba inayopuliziwa mibuni dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, mradi shaba isizidi kilo 28 kwa hekta katika miaka 7, ingawa shaba haiozi bali hulimbikizana udongoni na kuwadhuru nyungunyungu. Wenye msimamo mkali huona hapo usaliti wa kanuni ya ikolojia. Hata hivyo ruhusa yenye kipimo inaweza kukaguliwa na kupunguzwa, jambo lisilowezekana kwa usafi wa kudaiwa tu.

Kwa wakulima wadogo, ambao gharama ya mkaguzi mmoja ingemeza faida yote, hutolewa cheti cha kikundi, ambapo wakaguzi wa ndani hutembelea kila shamba na mkaguzi wa nje hurudia sehemu tu ya kazi yao. Zamani cheti hicho mara nyingi kilikuwa mali ya msafirishaji aliyekilipia, hivyo mkulima aliyemhama alipoteza sifa ya zao lake. Kanuni ya Ulaya namba 2018/848, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, inataka kikundi kiwe chombo cha kisheria cha wakulima wenyewe, na hapa sheria imeikaribia haki kuliko kawaida yake. Lakini imeweka pia ukomo wa wanachama 2,000, na ushirika mkubwa hulazimika kujigawa na kulipia ukaguzi zaidi ya mmoja.

Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai, ambayo kwa soko la ndani hupatikana pia kwa uhakiki shirikishi, yaani wakulima kukaguana wenyewe. Njia hii ni nafuu na hufundisha, ila mkaguzi ni jirani, pengine shemeji, na fomu haina safu ya kuandika muhali.