Lijue Jiwe Kabla ya Kuliuza

Ndugu msomaji, katika miji iliyo jirani na machimbo ya vito huulizwa suala hili mara kwa mara: kijana ameokota jiwe, akaliuza kwa bei ya suruali, na baada ya wiki akasikia kuwa limeuzwa mjini kwa bei ya nyumba. Je, sheria inampa haki ya kurejea na kudai?

Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafii tumevisoma kizazi baada ya kizazi, ametaja mfano wa mtu aliyenunua kipande cha kioo akidhani ni johari. Hana hiari ya kuvunja mauzo kwa sababu ya kupunjika peke yake. Washereheshaji wameeleza kuwa mtu huyo amezembea kutafiti. Maulamaa wa Kihanbali wamekuwa wapole zaidi kwa asiyejua bei aliyepunjika kupita kiasi. Ama mwenye kudanganywa, kwa mfano aliyeuziwa jiwe lililojazwa kioo katika nyufa zake naye hakuambiwa, huyo ana haki ya kurudisha kwa sababu ya aibu iliyofichwa, na mwenye kuficha amekula haramu. Lakini yule kijana wetu hakudanganywa. Aliulizwa bei, akaitaja mwenyewe.

Basi tuangalie ni nini hasa kilichomo katika ardhi ambayo vijana hawa wanaikanyaga. Mji wa Gairo, katika njia ya Morogoro kwenda Dodoma, umekaa chini ya milima ya Ukaguru. Milima hiyo, pamoja na Rubeho na Uluguru, ni sehemu ya safu ndefu inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Watoto wetu hufundishwa shuleni kuwa miamba ni ya aina tatu: ile iliyotokana na uji wa moto ulioganda, ile ya mashapo yaliyotuama na kushikamana, na ile iliyogeuzwa kutoka katika hali moja kwenda nyingine. Mawe ya Ukaguru na Uluguru kwa sehemu kubwa ni ya aina hii ya tatu.

Kugeuzwa huko si kuyeyuka. Atazame mtu tanuri la matofali. Udongo umeingia ukiwa udongo, haukuyeyuka, wala haukuongezwa kitu, lakini ukitoka umekuwa kitu kingine ambacho mvua haikirudishi kuwa tope. Takriban miaka milioni 640 iliyopita, mabara yalipogongana, miamba ya sehemu hizi ilisukumwa chini kwa makumi ya kilomita, ikabanwa na kupashwa moto wa mamia ya nyuzi. Madini yake yalijipanga upya, na ndiyo maana mtu akipasua jiwe la kilimani huona mistari myeupe na myeusi kama kitambaa kilichofumwa. Baadaye sana ardhi ilipasuka na kuinuliwa, mvua ikamomonyoa yaliyokuwa juu, na yaliyopikwa chini yakatokeza kwenye jua.

Mawe ya chokaa yaliyopita katika tanuri hilo yakawa marumaru. Pale ambapo chokaa ilikuwa imechanganyika na udongo wenye alumini, na kukawa na chembe kidogo za kromiamu, ndipo ilipoota yakuti nyekundu. Palipokuwa na magnesi ya kutosha, ikaota spineli. Hizi mbili huishi jirani katika marumaru ya Matombo, upande wa Uluguru, na ya Mahenge. Mwaka 2007, huko Ipanko karibu na Mahenge, zilipatikana fuwele kubwa za spineli, moja ikizidi kilo 50.

Uluguru ina jiwe jingine ambalo wachache wetu wamelisikia. Wakati wa Wajerumani ulichimbwa ulanga katika milima hiyo, na ndani ya mishipa ya ulanga yakatoka madini meusi, mazito ajabu, yenye urani. Mkemia Willy Marckwald wa Berlin aliyachunguza, na mwaka 1906 akalipa ganda lake la manjano jina la mwanasayansi Rutherford. Ganda hilo nalo ni jiwe lililogeuka, safari hii kwa maji na hewa. Muda mfupi baadaye, mnamo 1914 na 1915, Otto Hönigschmid na Bi Stefanie Horovitz walipima risasi iliyomo katika jiwe hilo la Morogoro. Risasi ya kawaida ina uzani wa atomu wa 207.2, hii ilikuwa na 206.05 hivi. Kwa sababu ilizaliwa na urani iliyooza polepole, ilikuwa nyepesi kuliko risasi nyingine, nayo ikawa miongoni mwa hoja zilizothibitisha kwamba elementi moja huweza kuwa na atomu za uzani tofauti. Aliyeshika sururu Uluguru alilishika jiwe hilo kabla ya wote. Mizani ilikuwa Ulaya, na utawala pia.

Na mizani haikuwa ngeni kwetu! Al-Biruni, karibu miaka 900 kabla ya Marckwald, alipima vito kwa maji. Yakuti nyekundu aliipata kuwa na uzito mara 3.85 ya maji ya ujazo wake, na la'li, ambayo leo tunaiita spineli, mara 3.58. Vipimo vya leo ni 4.0 na 3.6.

Kipimo hicho kinafanyika nyumbani. Pima jiwe kavu kwa mizani ndogo ya gramu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Lifunge jiwe kwa uzi mwembamba, ulizamishe lote bila kugusa chini wala pembeni, usome namba, na ugawe uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Jiwe la gramu 20 likisoma 5, jibu ni 4, yaelekea ni yakuti. Likisoma 5.6, fikiria spineli. Likisoma 7.5, yaelekea ni kwatzi. Liwe safi, lisiwe limeshikwa na mwamba mwingine, maana hapo hesabu huharibika. Ganeti nyekundu nayo huweza kufika 4 na zaidi, na hapo mizani haitoshi. Lakini yakuti huikwaruza ganeti, na ganeti haiikwaruzi yakuti.

Tangu 2019 serikali imefungua masoko ya madini, la kwanza likiwa Geita, na huko jiwe hupimwa kabla halijatajwa bei.