Shingo mpya kwa baiskeli ya zamani: pima kabla ya kukaza

Mwezi uliopita nilianguka na binti yangu wa miaka saba barabarani hapa Kisauni. Alikuwa amekaa nyuma kwenye keria, tunatoka sokoni. Tuktuk mbele yetu ikashika breki ghafla. Nikakata usukani kushoto. Usukani ukaja, lakini gurudumu halikuja. Liliendelea kwenda mbele kama kwamba mimi simo. Tukaingia mchangani tukalala ubavu. Alhamdulillahi, ilikuwa magoti kuchubuka na nyanya kumwagika tu. Ingekuwa ni lori nyuma yetu, leo makala haya yangeandikwa na mtu mwingine.

Kosa lilikuwa langu na la fundi wangu, nusu kwa nusu. Nalieleza hapa kwa sababu baiskeli za aina yangu ni nyingi mjini.

Baiskeli yangu ni mtumba wa Uingereza, chuma kitupu. Mgongo ulipoanza kunisumbua nilitaka usukani uinuke kidogo, nikanunua stemu ya kisasa, yaani ile shingo inayoshika usukani. Nikampelekea fundi. Alifungua shingo ya zamani, akatoa nati ya juu na washa yake, akazungushia kipande cha mkebe kwenye thredi zilizobaki, akakaza stemu mpya hapo juu. Ilipendeza. Ilidumu siku tatu.

Tuelewane kwanza tofauti iliyopo. Foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, una bomba linalopanda ndani ya fremu. Kwenye baiskeli za zamani bomba hilo limechongwa thredi juu, na nati mbili hukazwa hapo kushika gololi. Shingo ya usukani huingia NDANI ya bomba. Chini yake kuna kabari, na ukikaza ile bolti ndefu ya juu, kabari hupanda na kujibana ukutani mwa bomba. Kwa hivyo kazi ni mbili na zimetenganishwa: nati hushika gololi, kabari hushika usukani.

Baiskeli za kisasa, mtindo ulioenea kuanzia miaka ya 1990, bomba la foku halina thredi. Hutokeza juu ya fremu, na stemu hulikumbatia kwa NJE kwa bolti za ubavuni. Hapo stemu yenyewe ndiyo inayoshika usukani na kuzuia gololi zisilegee.

Sasa ona tulichofanya. Tulichukua stemu ya kukumbatia nje tukaifunga kwenye bomba la kushika ndani. Ilikuwa imeshika sentimita moja hivi ya thredi, tena juu ya mkebe. Na sehemu yenye thredi ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu chuma kimeshachongwa kikapungua. Juu ya hayo, tuliitoa nati iliyokuwa ikifunga gololi. Kosa moja likavunja kazi zote mbili.

Baada ya kuanguka nilimwendea mzee mmoja fundi wa siku nyingi. Alitazama, akacheka, akaniambia, "Mwanangu, hii shingo si mbaya. Imekaa nyumba isiyo yake." Kisha akanionyesha dawa yake: adapta. Ni kipande cha bomba ambacho chini ni kama shingo ya zamani, kina kabari na huingia ndani ya foku, na juu ni kinene kama bomba la kisasa ili stemu mpya ikumbatie. Nati zako za zamani hubaki mahali pake.

Lakini kabla ya kununua, lazima upime. Vipimo vinavyokuhusu ni hivi. Tundu la ndani la foku nyingi za zamani hupokea shingo ya milimita 22.2. Baadhi ya baiskeli za milimani zenye foku nene ya thredi hupokea 25.4. Zipo pia za 21.1, hasa baiskeli za watoto. Stemu za kisasa nyingi hukumbatia bomba la 28.6, na chache 25.4. Upande wa mbele, panaposhikwa usukani, utakuta 25.4 au 31.8.

Kama huna kalipa, chukua ukanda wa karatasi na rula ya mtoto wa shule. Zungushia karatasi kwenye shingo uliyoitoa, tia alama inapokutana, kisha pima urefu. Karibu sentimita 7 ni 22.2. Sentimita 8 ni 25.4. Sentimita 9 ni 28.6. Sentimita 10 ni 31.8. Ikija 6.6, hiyo ni 21.1. Karatasi haidanganyi, jicho hudanganya.

Kazi yenyewe huenda hivi. Legeza bolti ya juu mizunguko michache bila kuitoa yote, weka kipande cha mbao juu yake, gonga kwa nyundo kabari ishuke. Hapa pwani chumvi ya hewa hugandisha shingo ndani ya foku, hasa ya aluminiamu ndani ya chuma. Ikikataa, tia mafuta ya kulegeza kutu uache usiku mzima. Usiparamie kwa bomba refu, utapinda foku. Ikitoka, safisha ndani, paka grisi, kisha ingiza adapta.

Kwenye adapta utaona mstari uliochongwa. Mstari huo lazima ufichike ndani ya foku. Ukionekana, umeinua kupita kiasi: kabari inabana karibu na thredi, mahali ambapo bomba linaweza kupasuka. Kaza kwa kiasi, maana kukaza kupita kiasi hutanua bomba. Kisha funga stemu, kaza bolti zake kwa zamu. Mwisho bana gurudumu la mbele kwa magoti, pindua usukani kwa nguvu. Ukisogea, usiondoke. Zungusha pia usukani mpaka mwisho kila upande, uone waya za breki hazivutiki, kwa sababu usukani uliopanda hutaka waya ndefu.

Ukipoteza nati, usilazimishe yoyote. Raleigh nyingi za zamani za Nottingham zina thredi 26 kwa inchi, nati za kawaida ni 24. Ukilazimisha utakula thredi za foku, na hapo hasara ni foku nzima.

Neno la mwisho ni kwa wenye Black Mamba, wabeba maji, mkate na nazi. Wewe usiguse shingo kwa pupa. Kwenye baiskeli zile za breki za vyuma, mara nyingi usukani na shingo ni kipande kimoja, na vyuma vya breki vimening'inia hapo hapo. Ukitoa usukani, umetoa breki. Wala usidhani utafunga breki za waya za kubana rimu ubavuni, kwa sababu rimu zile zimetengenezwa zibanwe kwa upande wa ndani unaotazama habu. Ubavu wake umeviringika, mpira haupati pa kushika. Ukitaka kubadilisha, jua unabadilisha na magurudumu. Kama shida ni mgongo tu, inua shingo ya zamani kidogo ndani ya mipaka yake, na vyuma vya breki virekebishwe pamoja nayo.

Mafundi wetu ni hodari, na mkebe umeokoa safari nyingi mjini hapa. Lakini kuna mahali pa mkebe na mahali si pake. Matopeni weka, kwenye usukani usiweke. Nawe mteja, ukiambiwa "itashika tu", uliza inashika wapi. Mimi sikuuliza, na aliyelipa ni mtoto aliyekaa nyuma akiniamini.